Ndege Isiyo na Rafadha: Swali Lililonirudisha Shule

Katika kazi yetu ya ualimu yako makosa ambayo mwalimu huyaondoa kwa kifutio cha ubaoni, na yako makosa yasiyofutika kwa urahisi huo. Kosa ninalokusudia kulisimulia katika makala haya ni la aina ya pili. Nalisimulia kwa kuwa ninyi wanachuo mnaojiandaa kufundisha katika shule za msingi hamtakosa kukutana na jaribu lililonishinda mimi, yaani jaribu la kulieleza kwa maneno makubwa jambo ambalo mwenyewe hujalielewa.

Mnamo Novemba 2018 ilienea habari kwamba wahandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, wakiongozwa na Steven Barrett, walikuwa wamerusha ndege isiyo na rafadha, isiyo na injini ya kuchoma mafuta, wala kitu chochote kinachozunguka. Ilikuwa ndege ndogo isiyobeba mtu. Uzito wake kilo 2.45, na upana wa mabawa yake mita 5 hivi. Iliruka ndani ya ukumbi wa michezo umbali wa mita 60 kwa nguvu ya umeme peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2019, nikiwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, nilipata picha ya ndege hiyo, nikaibandika ukutani kwa furaha. Nilijua kwamba watoto hupenda mambo mapya, nami nilitaka waamini kwamba mwalimu wao anakwenda na wakati.

Kupenda jambo jipya si kosa. Kosa lilikuwa katika maelezo yangu. Nilisimama mbele ya watoto zaidi ya sitini nikasema kwa sauti ya uhakika: "Umeme wa msongo mkubwa huishinda kani ya uvutano wa dunia. Kitu kikipata volti za kutosha, hupoteza uzito wake." Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota mahali, nami sikujiuliza kama yana ukweli. Yalinipendeza kwa kuwa yalikuwa mafupi na yalisikika kama ya kitaalamu.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Samahani, mwalimu. Kama umeme ndio unaoondoa uzito, tukiiweka ndege hiyo ndani ya chupa kubwa, halafu tukafyonza hewa yote, itaendelea kuruka?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, nilimwambia: "Kaa chini. Swali lako halimo katika somo la leo." Wenzake wakacheka, naye akakaa. Kengele ikalia, nami nikaona nimeokoka.

Mgeni wa jioni

Wiki mbili baadaye, jioni, alinijia shuleni mzee mmoja fundi wa redio na televisheni. Alikuwa mjomba wa yule kijana. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kiti.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kwa heri, wala sikuja kugombana. Jana nimemkuta mpwa wangu karakana, amefungua televisheni ya zamani, ile yenye tumbo kubwa kwa nyuma. Mkono mmoja ana bisibisi, mwingine ana karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Nikamwuliza, unafanya nini? Akasema anataka kuona karatasi ikipoteza uzito, kama mlivyofundishwa."

Nikanyamaza.

"Televisheni zile," aliendelea, "umeme wake hubaki ndani hata ukichomoa waya ukutani. Mimi fundi mwenyewe huugusa mtambo ule kwa hadhari. Ningechelewa kidogo, leo tungekuwa msibani. Na jambo jingine, mwalimu, uniwie radhi maana mimi sikusoma sana. Nimeshika umeme miaka mingi. Sijauona ukipunguza uzito wa kitu. Nimeuona ukiangusha watu tu."

Aliposhika njia kwenda zake nilibaki ofisini hadi giza likaingia. Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa pamoja. Nilifundisha uongo, na nilimfunga mdomo mtoto pekee aliyekuwa na njia ya kuugundua. Mtoto yule hakufanya utundu; alikuwa amekwenda kutafuta kwa mikono yake jibu ambalo mwalimu wake alimnyima. Haidhuru uongo ule ulikuwa mdogo kiasi gani ubaoni, ulikuwa umetoka darasani ukafika hadi kwenye mtambo wa maelfu ya volti.

Nani anayepuliza?

Jumamosi iliyofuata nilisafiri hadi chuoni kwa mkufunzi wangu wa zamani. Hakunipa mhadhara. Alinipeleka maabara akatoa mashine ya Wimshurst, ile ya sahani mbili zinazozungushwa kwa mkono ili kukusanya chaji. Kwenye ncha yake moja akafunga sindano, na mbele ya sindano akaweka mshumaa uwakao. Nilipozungusha mkono wa mashine, mwali wa mshumaa uliinama na kuikimbia sindano, kana kwamba mtu asiyeonekana anaupuliza.

"Nani anayepuliza?" akaniuliza.

"Umeme," nikajibu.

"Umeme hauna mapafu. Tazama tena."

Kisha akaleta kipande cha waya kilichopindwa mithili ya herufi S, ncha zake zimechongwa kali, nacho kimewekwa juu ya msumari ili kizunguke kwa wepesi. Tulipokiunganisha na mashine kilianza kuzunguka, ncha zake zikirudi nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Hewa ilisukumwa mbele ya ncha, na ncha zikasukumwa nyuma na hewa. Ni kanuni ileile ya tatu ya Newton ambayo nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi: kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Hewa ya kawaida haipitishi umeme, kwa maana molekuli zake hazina chaji. Elektroni zake zimeshikwa mahali pake. Lakini chaji ikirundikana kwenye ncha kali au kwenye waya mwembamba sana, nguvu yake hukazana katika eneo dogo linaloizunguka ncha hiyo. Nguvu hiyo ikifikia kadiri ya volti 30,000 kwa kila sentimita moja, hewa ya hapo huanza kuvunjika. Ikiwa waya ni wa upande chanya, elektroni hung'olewa katika molekuli na kuvutwa kwenye waya. Molekuli iliyopokonywa elektroni hubaki na chaji chanya, nayo huitwa ioni. Gizani huweza kuonekana mwanga hafifu wa zambarau ukiuzunguka waya, na wataalamu wameuita korona, maana yake taji.

Sasa tuweke waya huo mwembamba juu, na chini yake, umbali wa sentimita chache, tuweke karatasi ya alumini iliyounganishwa na upande hasi. Ioni chanya hufukuzwa na waya na kuvutwa na alumini. Zikiwa safarini hugonga molekuli za kawaida za hewa, ambazo ni nyingi mno kuliko ioni zenyewe, na kila mgongano huisukuma hewa kuelekea chini. Ukitaka mfano, mfikirie mchukuzi anayekimbia na mzigo sokoni penye msongamano. Peke yake huufanya umati mzima usogee. Huo ndio upepo wa ioni. Chombo huisukuma hewa chini, nayo hewa hukisukuma chombo juu. Kikiwa chepesi vya kutosha, huinuka.

Kwa hiyo uzito haukupungua hata chembe. Kani ya uvutano ilibaki palepale, ila ilipata mpinzani. Ndivyo ilivyo pia kwa ndoo unayoinyanyua kisimani: huwezi kusema kwamba ndoo imepoteza uzito kwa sababu mkono wako umeiinua.

Wengine waliokosea kabla yangu

Mkufunzi wangu alinifariji kwa kunieleza kwamba nilikosea pamoja na watu wakubwa. Upepo huu ulianza kutambuliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 18; Francis Hauksbee wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1709. Lakini katika karne ya 20 Mmarekani Thomas Townsend Brown alipoona vyombo vyake vya msongo mkubwa vikisogea, aliamini kwamba amepata uhusiano wa siri kati ya umeme na uvutano, akapewa hataza ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1928. Watu wengi wakaendelea kuishika imani hiyo kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, rubani na mhandisi Alexander de Seversky, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1964, aliunda vyombo vya waya vilivyoinuka kwa upepo wa ioni, naye alijua kwamba ni hewa inayovibeba. Vyombo vyake vilipata umeme kwa waya kutoka ardhini, kwa kuwa mtambo wa kuzalisha msongo ule ulikuwa mzito mno kubebwa.

Ni kipimo gani kinachoweza kuwatenganisha wanaoamini siri ya uvutano na wanaoamini upepo? Ni kipimo kilekile cha kijana wa dawati la nyuma: ondoa hewa. Kama umeme unashinda uvutano, chombo kitasukumwa hata katika ombwe. Kama ni upepo, hakitasukumwa. Watafiti wamefanya majaribio ya namna hiyo, na pia ya kuuzuia upepo usitoke nje ya chombo, na kani iliyodaiwa ikatoweka. Mwaka 2004 Martin Tajmar alichapisha matokeo yake akieleza kwamba jambo lililoaminiwa kuwa la ajabu lilikuwa upepo wa korona uliofahamika vibaya. Niliposikia hayo niliona haya. Swali nililoliita nje ya somo lilikuwa ndilo somo lenyewe.

Hesabu ndogo yenye faida

Yafaa mwalimu ajue pia ukubwa wa kani hii, asije akawaahidi watoto kwamba kesho watasafiri kwa upepo wa ioni. Kani hupatikana kwa kuzidisha mkondo wa umeme kwa umbali uliopo kati ya waya na alumini, kisha kugawa kwa wepesi wa ioni hewani, ambao ni karibu 0.0002 katika vipimo vya mita, volti na sekunde. Tuchukue mkondo wa ampea 0.001 na umbali wa mita 0.03. Jibu ni nyutoni 0.15, yaani kani ya kutosha kuinua gramu 15 tu, uzito wa vipande vichache vya chaki. Na kama msongo ni volti 30,000, tumetumia wati 30 za umeme. Ndiyo sababu vyombo vinavyoinuka moja kwa moja kwa njia hii hutengenezwa kwa vijiti vyepesi na karatasi nyembamba ya alumini.

Ndege ya mwaka 2018 ilitumia akili nyingine. Haikujaribu kujiinua wima kwa upepo wake. Nyaya zake nyembamba zilikuwa mbele, na nyuma yake vipande vyenye umbo la bawa. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na tofauti ya volti 40,000. Upepo ulivuma kuelekea nyuma, ndege ikasukumwa mbele, na mabawa yake ndiyo yaliyoibeba kama mabawa ya ndege yoyote. Ilirushwa kwanza kwa mtambo wa kamba za mpira, kisha ikaendelea yenyewe. Jambo kubwa lilikuwa kwamba ilibeba betri zake na mtambo wake wa msongo mkubwa humohumo ndani. Haya nayo sikuwaambia watoto, kwa sababu niliiona picha nikadhani nimekwisha kuielewa.

Nilivyorudi darasani

Jumatatu niliingia darasa la sita. Kabla ya kuandika tarehe nilisema: "Wiki tatu zilizopita niliwafundisha jambo lisilo la kweli. Niliwaambia kwamba umeme huondoa uzito. Hauondoi. Na mwenzenu aliuliza swali zuri nami nikamkalisha. Leo tutajifunza kwa swali lake." Sikuona dharau machoni mwao kama nilivyoogopa. Niliona darasa lililotulia kuliko siku zote.

Sikuwa na mashine, na hata ningekuwa nayo, msongo mkubwa wa umeme si zana ya kufundishia katika shule ya msingi. Jambo hili nalisema bila kupindapinda: mwalimu asithubutu kuunda chombo cha volti elfu nyingi mbele ya watoto, wala kuwaeleza namna ya kukiunda, na awaonye wazi wasiguse mitambo ya televisheni za zamani. Tulitumia vitu visivyodhuru. Kwanza watoto walisugua vichana vya plastiki nywelani na kunyanyua vipande vidogo vya karatasi, wapate kuona kwamba chaji huvuta. Kisha tukapuliza puto na kuliachia, wakaona hewa ikienda huku na puto likienda kule.

Baada ya hapo tukatoka uwanjani kwa mchezo ambao sasa nawafundisha wanachuo wangu kila mwaka, maana hauhitaji fedha. Watoto watatu walisimama upande mmoja wakawa waya. Wanane walijipanga upande wa pili wakawa alumini. Waliobaki walitawanyika katikati wakawa hewa, kila mmoja ameshika punje moja ya haragwe mkononi. Punje hiyo ni elektroni. Aliye karibu na waya alinyang'anywa punje yake, naye papo hapo akawa ioni. Akafumbata mikono kifuani na kutembea upesi kuelekea alumini, akiwasogeza wenzake taratibu kwa bega. Alipofika alipewa punje nyingine, akawa tena hewa ya kawaida. Mtoto mmoja alizunguka kwa nje akichukua punje kutoka kwa waya na kuzipeleka kwa alumini. Huyo alikuwa betri. Baada ya dakika chache umati wote wa katikati ulikuwa umesogea upande wa alumini, ingawa waliopoteza punje kwa wakati mmoja hawakuzidi watatu.

Nawaomba mzingatie mambo mawili katika mchezo huu. La kwanza, awepo mtoto wa betri, la sivyo watoto watadhani kwamba elektroni zinatoka hewani bila kikomo. La pili, mwisho wa mchezo mwalimu aseme mahali mfano unapokosea: katika hewa halisi ioni ni chache kuliko zilivyo uwanjani, na molekuli za hewa hazisimami, bali hukimbia ovyo kila upande. Mfano usioonyeshwa mipaka yake hugeuka kuwa uongo mwingine.

Kisha nikamwita kijana wa dawati la nyuma, nikamwomba arudie swali lake mbele ya wote. Alilirudia kwa sauti ndogo. Nikawaambia watoto wote waliokuwa hewa watoke uwanjani. Wakabaki waya, alumini na betri wakitazamana.

"Haya," nikasema, "endeleeni."

Wa waya wakanyosha mikono, hapakuwa na mtu wa kunyang'anya. Betri akatazama kiganja chake kitupu. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Halafu kijana yule akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika: "Basi, mwalimu, hata mwezini haiwezi kuruka, maana kule hakuna hewa."

"Haiwezi," nikamjibu.

Jioni ile nilipita karakana kwa mjomba wake kumshukuru. Aliniambia ile televisheni amekwisha kuifungia stoo, na kwamba mpwa wake amemtaka azime taa amweleze kwa nini nyaya fulani hutoa mlio hafifu gizani. Nikamwuliza alimjibu nini. Akacheka, akasema: "Nimemwambia, la hilo sijui. Kesho umwulize mwalimu."

Ndugu wanachuo, watoto watakapowauliza msilolijua, nanyi mseme hivyohivyo: sijui. Kisha liandikeni swali hilo kwenye andalio la somo, pamoja na siku mtakayolijibu.